Nani Alitangulia? Historia ya Saa na Namba Ndani ya Kompyuta

Tarehe 27 Januari 1975, wataalamu wawili wa kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts, Paul Johnson na Robert Thomas, walitoa waraka mfupi kuhusu namna ya kutunza hifadhidata moja katika kompyuta nyingi zilizo mbalimbali. Waraka huo ulipewa namba 677. Uliingia katika mlolongo wa nyaraka ulioanzishwa na Steve Crocker Aprili 1969, ili wajenzi wa ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, wawe na mahali pa kuandikiana mawazo. Kila waraka katika mlolongo huo una namba na una tarehe. Mara nyingi viwili hivyo huenda pamoja, lakini si kila mara, kwa kuwa siku zile mtu aliweza kupewa namba kwanza na kuandika baadaye, na wengine hawakuandika kabisa. Ukitafuta waraka namba 14 au namba 26 hutaupata. Namba zilitolewa, nyaraka hazikutoka.

Ndani ya kampuni hiyohiyo, mwaka huohuo, swali moja lilikuwa likipewa majibu mawili tofauti. Swali lenyewe ni hili: mambo mawili yakitokea ndani ya mfumo wa kompyuta, lipi lilitangulia? Jibu la kwanza ni kutazama saa na kupiga kila jambo muhuri wa muda. Jibu la pili ni kuhesabu: hili la 1, lile la 2, linalofuata la 3. Anayeunda mfumo wa mishahara, wa benki, wa hospitali au wa kutumiana ujumbe hana budi kuchagua kati ya hayo, na wengi huchagua pasipo kujua kwamba wamechagua.

Johnson na Thomas walichagua saa, na walikuwa na sababu nzuri. Taarifa za watumiaji wa ARPANET zilihitajika katika kompyuta kadhaa, ili moja ikizimika nyingine iendelee na kazi. Kuwa na nakala nyingi ni rahisi. Kazi ipo katika kuzibadilisha. Mtu akibadilisha taarifa kwenye nakala ya Massachusetts, na mwenzake akaibadilisha taarifa ileile kwenye nakala ya California kabla habari hazijafika, ni badiliko lipi libaki? Wangeweza kuteua kompyuta moja iwe mkubwa wa zote, kila badiliko lipite kwake kwanza. Lakini mkubwa huyo akilala, kazi nzima inalala. Kwa hiyo waliamua kila badiliko libebe muhuri wenye vitu viwili: saa ya kompyuta lilikofanyika, na jina la kompyuta hiyo. Nakala ikipokea mabadiliko mawili yanayogombana, inabakiza lenye muhuri wa baadaye. Mihuri ikilingana saa, mpangilio wa majina ya kompyuta unaamua. Ujumbe ufike kwa utaratibu wowote, mwishowe nakala zote zitafanana, wala hakuna aliyemwomba mwingine ruhusa.

Katika ofisi za BBN alikuwepo pia Ray Tomlinson, yule aliyetuma barua pepe ya kwanza kupitia mtandao mwaka 1971 na kuipa alama ya @ kazi tunayoijua leo. Yeye alikuwa upande wa namba. Mei 1974, Vint Cerf na Robert Kahn walikuwa wamechapisha mpango wa kuunganisha mitandao mbalimbali, mpango ambao baadaye ulikuja kuitwa TCP. Katika mpango huo data hukatwakatwa kuwa pakiti, na pakiti zikiwa njiani hupotea, hurudiwa, huchelewa, na huweza kufika ya nyuma ikiwa mbele. Dawa ilikuwa kuhesabu. Kila baiti inapewa namba yake. Mpokeaji anapanga kwa namba, anatambua pengo kwa namba, na anatupa iliyojirudia kwa namba. Hahitaji kujua ni saa ngapi huko ilikotoka. Utaratibu huu unawezekana kwa sababu anayetoa namba ni mmoja tu, mtumaji, naye anajua alichosema kwanza na alichosema baadaye.

Hata hivyo, mwenye kuhesabu anahitaji mahali pa kuanzia, na hapo Tomlinson aliona hatari. Tuseme kila mawasiliano yanaanza na namba 1. Kompyuta mbili zinaongea, mawasiliano yanakatika, zinaanza tena. Pakiti ya mazungumzo ya kwanza iliyokuwa imekwama mahali fulani mtandaoni inafika sasa ikiwa na namba 500, na mazungumzo mapya nayo yanasubiri namba 500. Itapokelewa kama halali, na hakuna atakayegundua. Tomlinson aliandika juu ya jambo hilo mwaka huohuo wa 1975, na jibu lililoingia katika kanuni rasmi ya TCP ya Septemba 1981 linavutia sana: namba ya kuanzia inachukuliwa kutoka kwenye saa. Kanuni inataja hesabu ya biti 32 inayoongezeka takriban kila mikrosekunde 4, hivyo inachukua zaidi kidogo ya saa nne na nusu kuzunguka hadi mwanzo. Kila upande unamtajia mwenzake namba yake ya kuanzia na kusubiri ithibitishwe. Ndiyo maana kila muunganisho wa TCP, hata huu wa simu iliyo mkononi mwako, hufunguliwa kwa salamu ya hatua tatu.

Basi tangu mwanzo, mfumo ulio maarufu kuliko yote kwa kutumia namba uliazima mwanzo wa hesabu yake kutoka kwenye saa. Mkopo huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1985, Robert Morris, kijana aliyekuwa Bell Labs wakati huo, alionyesha kwamba katika toleo la 4.2 la Unix ya Berkeley namba za kuanzia ziliongezeka kwa kiasi kinachojulikana, kwa hiyo mtu wa mbali aliweza kuzikisia na kujifanya kompyuta nyingine. Onyo hilo lilikaa miaka karibu 10. Siku ya Krismasi ya 1994, kompyuta za mtaalamu wa usalama Tsutomu Shimomura kule San Diego zilivamiwa kwa mbinu hiyohiyo. Mwaka 1996 Steven Bellovin alipendekeza namba ya kuanzia ichanganye saa na siri inayojulikana na kompyuta yenyewe tu.

Gharama ya pili ililetwa na kasi. Biti 32 zinatoa namba 4,294,967,296. Kwenye nyaya za ARPANET za kilobiti 56 kwa sekunde, zingekwisha baada ya wiki nzima. Kwenye mtandao wa gigabiti moja zinakwisha katika sekunde 34, ilhali kanuni ilikadiria kwamba pakiti inaweza kuzurura mtandaoni hadi dakika 2. Ina maana namba ileile inaweza kurudi wakati pakiti ya zamani yenye namba hiyo bado iko njiani. Mei 1992 Van Jacobson, Robert Braden na David Borman waliandika nyongeza inayoruhusu kila pakiti ibebe muhuri wa muda pamoja na namba yake. Pakiti ikija na namba inayofaa lakini muhuri wa zamani, inatupwa. Muhuri huo hausemi ni saa ngapi. Unatoka kwenye hesabu inayokwenda mbele kwa mwendo wa karibu sawa, ianzie popote. Naona hapo ndipo tofauti kati ya saa na namba inapoanza kuyeyuka, kwa kuwa saa isiyojua saa ngapi ni namba tu inayojiongeza yenyewe.

Aliyeliona jambo hilo mapema kuliko wengine, na kwa kina zaidi, alikuwa mwanahisabati wa New York, Leslie Lamport. Miaka ya 1970 alifanya kazi katika kampuni ndogo iitwayo Massachusetts Computer Associates. Mwaka 1974 alikuwa ameshachapisha njia ya kuzipanga programu zinazogombea kitu kimoja, akiiga duka la mikate ambamo mteja huchukua namba anapoingia na huhudumiwa namba yake ikifika. Uzuri wa njia yake ni kwamba hakuna mgawaji: kila programu inatazama namba za wenzake na kujitwalia iliyo kubwa kuliko zote. Mbili zikijitwalia namba moja kwa bahati mbaya, majina yao yanaamua, kama ilivyokuwa kwa Johnson na Thomas.

Kisha waraka namba 677 ukamfikia. Lamport alikuwa na uelewa mzuri wa nadharia ya uhusiano ya Einstein, ile inayofundisha kwamba matukio mawili yaliyo mbali hayana mpangilio mmoja ambao watazamaji wote watakubaliana nao, isipokuwa pale ambapo habari ya tukio moja iliweza kufika kwenye lingine. Alipousoma waraka aliona mara moja uzuri wake, na akaona kasoro yake. Tuchukue mfano. Saa ya kompyuta ya kwanza iko mbele kwa sekunde 5. Mtu anaandika badiliko hapo, nalo linapigwa muhuri wa saa 4:00:05 asubuhi. Ujumbe unafika kompyuta ya pili baada ya sehemu ndogo tu ya sekunde, mtu wa pili analisoma, anaona kosa, analisahihisha. Kwa saa ya kompyuta yake, ambayo ndiyo sahihi, masahihisho yanapigwa muhuri wa saa 4:00:03. Nakala zote zikilinganisha mihuri zinabakiza kosa na kutupa masahihisho. Jibu limeonekana kuwa la zamani kuliko swali lake, na mfumo mzima umekubaliana kwa pamoja juu ya uongo.

Tiba aliyoichapisha Julai 1978 haijai ukurasa. Iondoe saa ndani ya muhuri, weka hesabu. Kila kompyuta ina hesabu yake, na inaiongeza kila inapofanya jambo. Inapotuma ujumbe, inaambatisha hesabu iliyopo. Inapopokea ujumbe wenye hesabu kubwa kuliko yake, inairusha yake hadi ipite ile iliyokuja. Basi. Kwa utaratibu huo, jambo lolote lililosababisha jingine litakuwa na namba ndogo kuliko lile lililosababishwa, hata kama kompyuta hizo hazina saa kabisa. Mambo mawili yasiyo na ujumbe wowote kati yao yanaweza kupangwa vyovyote, kwa sababu hakuna mtu ndani ya mfumo anayeweza kudai kwamba anajua.

Wapo walioiona makala hiyo kuwa ndogo mno. Mimi naiweka juu ya mengi yaliyoandikwa katika fani hii, na sababu yangu iko katika nusu yake ya pili, ambayo wengi hawaifikii. Humo Lamport anauonyesha udhaifu wa tiba yake mwenyewe. Mtu anaingiza ombi katika kompyuta ya mji mmoja. Anainua simu, anampigia rafiki yake wa mji mwingine, anamwambia naye aingize ombi lake. Rafiki anafanya hivyo. Sisi tunajua ombi la pili lilikuja baada ya la kwanza, kwa kuwa simu ilipigwa. Mfumo haujui. Simu haikupita ndani yake, haikubeba hesabu yoyote, na ombi la pili linaweza kupewa namba ndogo kuliko la kwanza. Ili kuzuia hilo, ama watu wenyewe wasomeane namba kwenye simu, ama mfumo uwe na saa za kweli zinazokaribiana mno kiasi kwamba simu haiwezi kupita katika pengo lililo kati yake. Lamport alipiga hesabu ya saa hizo pia. Mwaka 2013 alipewa tuzo ya Turing.

Miaka 10 baada ya makala ya Lamport, Colin Fidge wa Australia na Friedemann Mattern wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, waliipanua hesabu hiyo iwe safu nzima ya namba, moja kwa kila kompyuta, ili mfumo uweze kutambua pia mambo mawili ambayo hakuna lililomjua mwenzake.

Saa za kweli, wakati huo, zilikuwa zikiendelea kuwadanganya watu. Saa ya kompyuta ya kawaida inaendeshwa na fuwele ya kwatzi inayotetemeka, na mtetemo wake hubadilika kwa joto na kwa uzee. Fuwele inayokosea sehemu 50 katika milioni inapotea zaidi ya sekunde 4 kwa siku. Septemba 1985 David Mills, ambaye baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Delaware, alitoa kanuni ya NTP, ambayo huifanya kompyuta iulize saa kwa kompyuta nyingine, ikadirie muda ujumbe uliotumia njiani, na kujirekebisha. Mills aliihudumia kazi hiyo kwa miongo mingi hadi alipofariki Januari 2024, na deni tulilo nalo kwake halisemwi vya kutosha. Ila tazama NTP inachofanya: inairekebisha saa. Saa iliyokuwa mbele inapunguzwa mwendo au inarudishwa nyuma. Programu iliyouliza saa mara mbili inaweza kupata jibu la pili dogo kuliko la kwanza.

Kuna pia kurudi nyuma kulikopangwa rasmi. Kwa kuwa mzunguko wa dunia hauendi sawasawa na saa za atomiki, tangu 1972 sekunde 27 zimeongezwa katika saa ya ulimwengu, moja moja, ya mwisho ikiwa tarehe 31 Desemba 2016. Hesabu ya muda ya Unix, inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, haina nafasi ya sekunde ya ziada, kwa hiyo inairudia. Usiku wa 30 Juni 2012 sekunde hiyo ilifichua kasoro ndani ya Linux. Kompyuta ziliingia katika kazi isiyo na mwisho, tovuti ya Reddit ikaanguka, na usajili wa abiria wa Qantas kule Australia ukakwama.

Tukio la miaka minne na nusu baadaye linafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Saa sita kamili usiku wa kuamkia 1 Januari 2017 kwa saa ya ulimwengu, yaani saa tisa usiku Afrika Mashariki, programu ya Cloudflare inayotafsiri majina ya tovuti ilianza kushindwa. Programu hiyo huwa inauliza kompyuta nyingine, inapima kila moja imechukua muda gani kujibu, kisha inachagua kwa bahati nasibu iliyoelemea upande wa zenye kasi. Kipimo chenyewe ni kutoa tu: saa ya kupata jibu toa saa ya kuuliza. Sekunde iliporudiwa, jibu likaonekana limefika kabla ya swali. Kipimo kikawa hasi, kikapelekwa kwenye kitendo cha kubahatisha namba, nacho hakikubali namba hasi, programu ikajizima. Aliyeiandika alikuwa ameweka kinga dhidi ya sifuri. Marekebisho yalikuwa kuongeza alama moja ya kuandika, ili kinga isomeke "sifuri au pungufu". Agosti mwaka huo lugha ya Go, iliyotumika kuandika programu hiyo, ilibadilishwa ili kila inapochukua saa ichukue pia hesabu isiyorudi nyuma, na inapopima muda itumie hesabu hiyo. Novemba 2022 mataifa yanayosimamia vipimo yaliamua kwamba utaratibu wa sekunde ya ziada usitishwe ifikapo 2035.

Pamoja na yote hayo, watu hawakuikimbilia namba na kuiacha saa, kwa sababu namba ina sharti ambalo mifumo mikubwa haiwezi kulitimiza: mgawaji mmoja. Katika hifadhidata ya kawaida, iliyo kwenye seva moja, sharti hilo halina uzito. Hifadhidata inatoa 1, 2, 3, na kila mtu anaridhika. Pengo likitokea, mathalani 7 kisha 9, kwa kawaida ni kwa sababu muamala namba 8 ulianza ukavunjwa, nayo namba ikishatolewa hairudishwi, kama waraka namba 14. Wakaguzi wa hesabu hupata homa wakiona mapengo hayo, na ni wajibu wa mtengenezaji kuwaeleza mapema. Kwa mfumo wa chama cha akiba na mikopo au duka, ningesema bila kusita: tumia namba kwa mpangilio, na saa iandikwe pembeni kwa ajili ya macho ya binadamu. Nimeona mifumo mingi inayopanga miamala kwa saa ya seva na kukokotoa salio kwa mpangilio huo. Miamala miwili ya sekunde moja inatosha kulifanya salio la mteja libadilike kila ukurasa unapofunguliwa upya.

Seva zikiwa mamia, mgawaji mmoja anakuwa foleni. Amazon mwaka 2007 ilieleza mfumo wake wa Dynamo, ambao ulitumia safu za namba za aina ya Fidge na Mattern, ukaiachia programu ya kikapu cha mnunuzi kazi ya kupatanisha nakala zilizogombana. Cassandra, iliyotoka Facebook mwaka 2008, ilirudi kwa Johnson na Thomas: muhuri wa muda, wa baadaye ndiye mshindi. Ni njia ya haraka, na ni katili. Kompyuta ambayo saa yake iko mbele kwa dakika 60 itayashinda maandishi ya wengine wote kwa dakika 60, na walioshindwa hawapewi taarifa yoyote.

Twitter ilifika njia panda hiyo ikiwa inakimbia. Juni 2009 namba za ujumbe wake zilipita 2,147,483,647, ukomo wa hesabu ya biti 32 yenye alama ya hasi na chanya, na programu kadhaa za nje zilizokuwa zimeweka nafasi ya ukubwa huo zikaharibika. Namba zenyewe zilikuwa zikitolewa na hifadhidata ya MySQL, na kampuni ilikuwa ikitafuta hifadhi iliyosambaa isiyo na mgawaji. Mwaka 2010 ilitangaza Snowflake. Ni namba ya biti 64. Biti 41 ni milisekunde zilizopita tangu siku moja ya Novemba 2010. Biti 10 ni jina la kompyuta iliyoitoa. Biti 12 za mwisho ni hesabu, 0 hadi 4,095, inayoanza upya kila milisekunde. Ukizipanga namba hizo kwa ukubwa, ujumbe unajipanga kwa muda, si kwa usahihi kamili lakini kwa ukaribu unaotosha. Kompyuta haiombi ruhusa kwa mwenzake. Hesabu ikiisha ndani ya milisekunde moja, inasubiri inayofuata. Na ikigundua kwamba saa yake imerudi nyuma, inagoma kutoa namba mpaka saa ifike tena pale ilipokuwa.

Mchanganyiko wa aina hiyo uko mifukoni mwetu. Namba ya muamala wa M-Pesa ya Kenya huanza na tarehe iliyofichwa: herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ya tatu ni siku. Ujumbe wa mwaka 2024 unaanza na S, wa 2025 unaanza na T. Januari ni A, Desemba ni L. Siku za 1 hadi 9 zinaandikwa kwa tarakimu, na kuanzia tarehe 10 zinaandikwa kwa herufi, A na kuendelea. Muamala unaoanza na NLJ ni wa tarehe 19 Desemba 2019. Herufi na tarakimu saba zinazofuata zinautenganisha na miamala mingine ya siku hiyo.

Kuwa na namba isiyosomeka kirahisi kuna faida nyingine. Hesabu tupu humwambia mtu wa nje mambo ambayo mwenye nayo hakukusudia kuyasema. Katika Vita Kuu ya Pili, wanatakwimu wa upande wa Uingereza na Marekani walichukua namba za mfuatano zilizochongwa kwenye vifaru vya Ujerumani vilivyotekwa, wakakadiria kwamba Agosti 1942 vilitengenezwa 327. Majasusi walikuwa wamesema 1,550. Kumbukumbu za Wajerumani wenyewe, baada ya vita, zilionyesha 342. Leo kampuni changa inayompa mteja ankara namba 43 Jumatatu na namba 51 Ijumaa imemwonyesha mapato yake.

Google walijaribu njia ambayo Lamport aliitaja mwaka 1978, wakaigharamia. Mwaka 2012 walieleza hifadhidata yao ya Spanner, ambayo vituo vyake vina antena za GPS na saa za atomiki. Programu ikiuliza saa, haijibiwi kwa saa moja. Inapewa mipaka miwili, wa mapema na wa mwisho, na kuhakikishiwa kwamba saa ya kweli iko katikati. Upana huo, kwa maelezo yao, ulikuwa kati ya milisekunde 1 na 7. Muamala ukishapewa muhuri, mfumo unangoja kabla ya kutangaza kwamba umekamilika, hadi mpaka wa mapema uupite muhuri huo. Milisekunde chache za kukaa kimya, na simu ya yule rafiki wa mji wa pili haiwezi tena kuupotosha mpangilio, kwa sababu hata aipige kwa kasi gani, ombi lake litakuta muhuri wa kwanza umeshakuwa wa zamani kwenye kila saa ya dunia. Kati ya majibu yote, hili ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wahandisi walikubali kwamba saa haiko sahihi, wakapima haiko sahihi kwa kiasi gani, wakakiweka kiasi hicho wazi mbele ya kila programu.

Wasio na antena kwenye paa wanabaki na michanganyiko. Vitambulisho vya UUID vya aina ya kwanza vilihesabu vipande vya sekunde, milioni 10 kwa kila sekunde moja, tangu 15 Oktoba 1582, siku ya kwanza ya kalenda ya Gregori, na vilikuwa na namba ndogo ya pembeni ya kubadilishwa saa ikirudishwa nyuma. Baadaye wengi walihamia aina ya nne, ambayo ni bahati nasibu tupu: haina saa, haina hesabu, wala haipangiki. Mei 2024 ulitoka waraka namba 9562, wa mlolongo uleule wa Crocker, ukaleta aina ya saba. Biti 48 za mwanzo ni milisekunde tangu 1970, na zinazobaki zinaweza kuwa za bahati nasibu au kubeba hesabu. Waraka unazungumzia pia saa inayorudi nyuma, na moja ya njia unazoruhusu ni programu kushikilia muhuri wa mwisho iliokuwa imeutoa na kuendelea kuhesabu kutoka hapo, mpaka saa iufikie tena.